DBeaver kwa wenye tebo zilizogombana

Mi DBeaver, programu ya kufungulia na kusimamia databesi, nilikuwa naifungua kuchungulia data tu kisha nafunga, hili toleo la bure la Community, mpaka nilipoachiwa programu ya oda iliyojengwa juu ya SQLite (databesi ndogo inayokaa kwenye faili moja) ambayo ripoti yake inatoa oda zingine hazina jina la mteja na jumla haikubali kukaa sawa.

Kilichoniokoa ni diagramu. Inakuchorea tebo zote na mistari inayoziunganisha, na hapo ndo nikaona tebo ya oda imekaa pembeni kama mgeni asiyejua mtu harusini. Kumbe aliyejenga aliweka kolamu ya mteja_id akaishia hapo, foreni kii, ile kanuni inayofunga kolamu kwenye tebo nyingine, hakuitangaza popote! Jina la kolamu ndo lilikuwa linatudanganya wote.

Sasa angalia mtego, na huu ni kosa langu. DBeaver inakuruhusu kujichorea uhusiano wa vachuali, nikachora, mstari ukatokea, nikafurahi kweli. Baadae nikafuta mteja wa majaribio mwenye oda na databesi haikulalamika hata kidogo, maana mstari ule unakaa ndani ya DBeaver tu, kwenye databesi yenyewe haupo.

Halafu tebo ya malipo ilikuwa na mstari halali kabisa na bado imejaa rekodi yatima, yaani zinazoelekeza kwa rekodi isiyokuwepo. Hili diagramu haikwambii: SQLite inajua foreni kii tangu toleo 3.6.19 la mwaka 2009 ila kwa kawaida haizisimamii, kila koneksheni lazima ipewe amri ya PRAGMA foreign_keys = ON, na ile programu haikuwa inafanya hivyo. Kwenye dirisha la SQL nikapiga PRAGMA foreign_key_check, yatima wote wakajipanga, tebo gani, rekodi gani, mzazi gani hayupo. Tebo ya oda haikutokea humo kwa sababu haina cha kukaguliwa, hiyo ikabidi niiunganishe na tebo ya wateja kwa LEFT JOIN na kutafuta NULL (palipo patupu) kwa mkono.

Kurekebisha ndo kazi sasa, SQLite haikuachii kuongeza foreni kii kwenye kolamu ambayo tayari ipo, unaunda mpya, unahamisha data, unafuta ya zamani, unabadili jina. Chukua bakapu kwanza jamani.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano naishikilia kwa ajili ya ule mstari wa vachuali.