Waya wa spika: upi ununue, upi uuache dukani, na ukifika nyumbani uunganishe vipi

Mtu anajinyima miezi anunue amplifaya na spika nzuri, halafu akifika kwenye waya anachukua wowote ule mwembamba unaoning'inia dukani, kisha anashangaa mbona besi haipo. Inaniuma sana hii, kwa sababu waya ndo kitu rahisi kuliko vyote hapo. Mi nakaa Tanga, Makorora, nimefunga redio za watu wengi hapa mtaani na kwenye waya naangalia vitu viwili tu, unene na shaba halisi. Mengine ni maneno ya muuzaji.

Namba moja ni shaba tupu ya 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, ile ya nyuzi nyingi inayolainika mkononi. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amplifaya umeme unaenda na kurudi, yaani mita 20 za shaba, na hapo waya huu unakula kama omu 0.14 tu (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita). Kanuni inayotumika sana ni kwamba waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika, kwa hiyo spika ya omu 8 mwisho 0.4 na ya omu 4 mwisho 0.2, geuza spika yako nyuma usome imeandikwa ngapi. Kama ni za omu 4 na sebule ni ndefu, usiumize kichwa, chukua 2.5.

Namba mbili ni flexi ya 1.5, ile ile ya duka la vifaa vya umeme, na kiukweli hii ndo nawaambia wengi wachukue. Vyumba vyetu vya Ngamiani mita 5 tu ushamaliza ukuta, na hata ukienda mita 10 inakula kama 0.23, spika ya omu 8 haina habari. Usiogope eti haijaandikwa spika, shaba ni shaba. Ila weka alama kabisa kwamba ni ya redio, mtu asije akaifungia plagi akachomeka ukutani akaunguza vyombo au akajiua. Na iwe flexi kweli, sio ule waya wa uzi mmoja mgumu wa kupitisha kwenye bomba la ukutani, ule ukikunjwa kunjwa unakatika.

Sasa kwa anaekaa Raskazone au popote upepo wa bahari unapoingia dirishani moja kwa moja, namba moja yangu inabadilika, tafuta shaba iliyopakwa bati. Nje inaonekana nyeupe lakini ndani ni shaba. Shaba tupu kwenye chumvi inaota ukijani, nimeshamenya waya pale nikakuta nyuzi zimekuwa za kijani kibichi, ukizigusa zinaacha unga kwenye kidole, na ukijani umepanda mpaka ndani ya ganda. Usipoupata huo wa bati basi nunua shaba ya kawaida na uache urefu wa ziada, ncha zikichafuka unakata unamenya upya.

Ya kuepuka ni alumini iliyopakwa shaba. Niliuziwa rola zima kwenye duka moja, ganda la kung'aa nene, nikajua nimepata. Nilipokuja kukwangua uzi mmoja kwa wembe ile rangi ya shaba ikatoka ikabaki nyeupe, na rola lenyewe lilikuwa jepesi mno. Wa 2.5 wa aina hiyo unafanya kazi kama shaba ya 1.6 hivi, kwa hiyo sio kwamba haupigi, unapiga, ila umelipia kitu ambacho hujapewa, na nyuzi zake zinakatika ovyo. Nenda dukani na wembe, omba kukwangua, akikataa ondoka. Ule mwekundu na mweusi mwembamba wa 0.75 uachie sabufa ndogo za mezani, mita 10 unakula 0.46, ushapitiliza.

Kuunganisha sasa. Zima amplifaya, chomoa kabisa ukutani. Menya kama sentimita 1, sokota nyuzi zikae pamoja, ingiza, kaza. Angalia kwa tochi kama kuna uzi mmoja umetoka unagusa upande wa pili, maana hiyo ni shoti na ndo inayoua amplifaya nyingi. Pini za banana, zile za kufunga kwenye ncha ya waya na kuchomeka tu, ni nzuri kama unahamisha vitu mara kwa mara, kwenye sauti haziongezi chochote.

Nyekundu iende nyekundu, nyeusi iende nyeusi, kwenye spika zote mbili. Waya mwingi una mstari au kamkunjo upande mmoja wa ganda, amua mstari ni nyekundu na usibadilishe njiani. Ukigeuza spika moja, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea na mwimbaji hasimami katikati. Kama alama zimefutika, chomoa waya upande wa amplifaya, chukua betri ya volti 1.5 gusisha kwenye ncha za waya sekunde moja tu, karatasi ya spika ikitoka nje basi upande uliogusa plasi ndo nyekundu. Halafu weka taarab ya Black Star ya hapa hapa Tanga, kaa katikati ya spika mbili, sauti ya mwimbaji itakuja mbele yako kama amekaa kwenye mkeka.