Ajanse ya gari Gisenyi: gari nilirudisha, amande zinaendelea kuzaliwa (uzoefu wangu)

Nilisema nitanyamaza lakini leo asubui wamenitumia mesaje ingine, bas acha niandike. Jina ya ajanse siweke ju bado wako wanashika pesa yangu. Wenye wanavukaka Gisenyi, ngambo ya Rwanda, kukodi gari watawatambua bila mimi kusema.

Sisi wa Goma tunajua hali yetu. Tangu airport ilifungwa mwezi wa kwanza 2025, mtu wako akitoka Ulaya ao Dubai anashukia Kigali, na wewe njo utaenda kumutafuta na mavalizi yake yote. Kuko basi, zinafika muzuri tu, sina neno nazo, lakini mdogo wangu alikuwa anarudi na mtoto mchanga na mizigo ya mtu mwenye kufungua duka, nikasema hapana, nikodi gari ngambo, niende Kanombe kwa airport ya Kigali, nirudi, niwashushe karibu ya bariyeri ya mupaka. Gari yenyewe siwezi kuisema vibaya. Safi, klima inapiga, na kijana mwenye kuosha magari alinifungia kiti ya mtoto kule nyuma bila kuomba hata mia. Ingekuwa ni ya gari tu ningeweka nyota zote na kwenda kulala.

Sasa Sofia. Mwenye hajapita ile barabara hamujui: ni kamera za vitesi, zimejaa Gisenyi mpaka Kigali, kilomita zaidi ya 150 za kona na milima, na zinasimama pale kando kama mama mkwe kwenye mlango. Hakuna kumuambia polisi "mukubwa nisamee, niko na mugonjwa". Bango inasema 60, mguu bado haujasikia, imeisha. Hata hautajua. Mesaje ya amande ya polisi inaenda kwa simu ya mwenye plake, na ukiwa umekodi, mwenye plake ni ajanse, kwa hiyo wewe unajua tu kile ajanse inapenda ujue. Hapo njo mambo yangu yote ilianzia.

Amande ya kwanza ilifika mbele hata turudi. Karibu ya Musanze, shemeji njo alikuwa kwenye usukani, siku inapatana, saa inapatana, tukalipa, hakuna mtu alipiga kelele. Kelele ilianza nilipoona kwenye hesabu yao, chini ya amande, dola kumi za "fre ya dosye". Dosye gani? Mesaje moja ya polisi umeisukuma kwa WhatsApp ni dosye? Lakini nikasema tuache, ni watu wanatafuta maisha, sisi pia tuko wachuuzi, tunajua kuongeza kidogo juu ya bei.

Gari tukarudisha. Wakaizunguka, wakaangalia pneu, wakaangalia esanse, yule wa biro akajaza fiche ya kurudisha na biki yake, akaandika siku, akaandika saa 17h05, akasaini, nikasaini. Garanti yangu ya dola 100 akasema itangoja kidogo, "ju amande zinakawiaka kuingia." Sawa. Hiyo inaeleweka, ajanse nyingi zinafanya hivyo.

Siku zikapita, nyingi. Naulizia garanti, jibu inakuja: mama, kuko amande ya pili. Naomba anionyeshe. Ananitumia foto ya kipande ya karatasi ya kaye imeandikwa kwa mkono: amande, fre ya dosye, retari, totali. Totali imepigiwa mistari mbili chini, kama mwalimu. Hakuna siku, hakuna saa, hakuna mahali. Sasa mtu yeyote mwenye alisha kulipa amande ya Rwanda anajua ile kitu iko kwa kompyuta, unalipia kwa Irembo, ile site ya serikali yao, unalipia kwa MoMo, kila kitu imeandikwa. Karatasi ya kaye ni ya kudai mtu deni ya nyanya!

Nikavuka mwenyewe. Nafika biro, namusalimia vizuri, namuuliza habari ya nyumbani, namuambia ndugu yangu, fungua kompyuta tu tuangalie pamoja, kama ni yangu nalipa hapa hapa. Mujue alifanya nini? Alifungua. Akaangalia. Halafu akashika ile ekrani na mikono mbili, akaigeuza pole pole upande wa ukuta, yeye mwenyewe sasa analazimika kupinda shingo ili asome, na akaniambia: "Mama, nyinyi watu wa Goma munapendaka kelele sana." Mimi! Nilikuwa sijapandisha hata sauti! Mpaka leo ile amande hainiumize kama ile ekrani kugeuka. Kulikuwa na watu wawili nyuma yangu wanangoja funguo, mmoja akacheka.

Pale njo kelele alizitaka akazipata. Nilizunguka meza. Ndiyo, nilizunguka, na sitaomba msamaha. Amande iko pale: plake ya ile gari, siku ileile niliirudisha, upande wa Mahoko, kwenye barabara ya Musanze, saa 17h48.

Nikatoa fiche yake kwenye saki. Nikaiweka mbele yake. 17h05, na mwandiko ni wake. Kwa 17h48 mimi nilikuwa kwenye bariyeri na mtoto mgongoni napanga mustari, na tampo ya DGM, wale wa imigrasyo ya Kongo, ya siku ile iko ndani ya paspoti. Nani alikuwa Mahoko na gari? Si mimi. Ni mtu mwenye alichukua gari kwenye ajanse kisha mimi kutoka, na yeye anamujua.

Alifikiri kidogo. Ile kufikiri ya mtu mwenye anatafuta mlango. Akasema: "Hapana mama, Kongo muko nyuma yetu saa moja. Ile 17h05 ni saa ya kwenu, kwetu ilikuwa 18h05."

Wandugu. Kongo yenye iko nyuma saa moja ni Kinshasa! Goma na Kigali saa ni ileile, Bukavu vilevile, Lubumbashi vilevile, mtu amezaliwa Gisenyi anaona taa za Goma kwenye dirisha yake na hajui hiyo? Na hata kama ingekuwa kweli, fiche ameandika yeye, akiwa Gisenyi, na saa ya mkono wake. Aliandika saa ya Kongo kwa nini, kunipa heshima? Hata yule mwenye alicheka alianza kunitetea.

Patro akaitwa. Mzee mmoja mpole sana, akanipa kiti, akaangalia fiche, akaangalia ekrani, hakubishana hata kidogo, akasema amande ya pili itoke kwa hesabu ya mama. Nikatulia. Kwa kweli pale nilisema moyoni nitaandika muzuri, ju kosa inaweza kuwa ya mfanyakazi, ajanse nzima haina shida. Nilifikia hata kumuambia asante.

Halafu anahesabu garanti, anatoa amande ya Musanze, nilikuwa nimeilipa zamani, nimuonyeshe risiti, anaondoa. Anafika kwa fre ya dosye. Ya kwanza dola kumi. Ya pili dola kumi. Papa, ya pili si imefutwa? "Amande imefutwa, lakini dosye ilisha kufunguliwa." Na ile sauti yake ya upole ileile! Bora hata yule wa ekrani, yeye angalau alinitukana waziwazi. Nikakataa kusaini, nikatoka, wakabaki na dola 100 nzima.

Leo asubui mesaje: nikikosa kumaliza dosye, gari yao itazuiwa kwenye kontrole tekniki na mimi nitashikwa bariyeri. Nishikwe kwa nini, amande imeandikwa kwa plake, nimeiona na macho yangu, jina yangu haiko hata mahali.

Kama bado unataka kukodi kwao, piga foto ya fiche yenye saa mbele utoke mlangoni, na siku ya kwanza kabisa waambie wakutumie mesaje ya polisi yenyewe, si karatasi. Gari ni nzuri, narudilia. Watu ni hapana. Alhamisi navuka na shemeji, yeye anajua kugombana kwa Kinyarwanda kuliko mimi. Mwenye alisha kupata garanti yake nzima pale, aniambie alipitia wapi.