Kamusi iliyokuja na simu, nilivyoipima kwa neno "belittle"

Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyokuja ndani ya simu yangu naipa nyota tatu kati ya tano. Nafundisha watu wazima Kiingereza, na kamusi yoyote mpya huwa naipima kwa "belittle", yaani kumshusha mtu au alichofanya. Neno hilo hufichua haraka kama walioiandaa walimfikiria mtu atakayelitumia.

Sauti ni nzuri. Mkazo unasikika wazi pale katikati, na inatamka hata bila intaneti. Sehemu ya asili ya neno ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote: inaeleza kwamba lilionekana kwanza katika kitabu alichoandika miaka ya 1780 Thomas Jefferson, baadaye rais wa Marekani, akimjibu Buffon, mwanasayansi wa Ufaransa aliyedai kuwa wanyama wa Amerika ni wadogo kuliko wa Ulaya. Hapo lilimaanisha kukifanya kitu kiwe kidogo, kwa umbo tu. Kitabu kilipochapishwa London mwaka 1787, walitokea wahakiki waliolikejeli neno hilo. Maana ya kumshusha mtu ilikuja baadaye, na sasa ndiyo imetawala.

Tatizo linaanzia kwenye tafsiri. Imeandikwa "dharau", basi. Lakini dharau inaweza kukaa moyoni bila mtu kufungua mdomo. "Belittle" ni tendo: umefanya jambo la maana, mwenzako analipunguza kwa maneno. Si lazima atukane. Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi, aliandika ripoti nzuri ya zamu. Mkubwa wake akaisoma, akamrudishia, akasema, "Si mbaya, kwa mtu wa kiwango chako." Hakuna tusi hapo, sauti haikupanda, na sentensi imeanza kama sifa. Hiyo ndiyo "belittle" yenyewe! Kwa kutegemea kamusi hii, muuguzi yule asingepata neno la kueleza alichofanyiwa. Angeandika "insult", yaani kutukana, na mkubwa wake angekana kwa urahisi kabisa. Kiswahili tunalo "kudunisha", linalokaribia zaidi, na inaniuma kuona limeachwa.

Mifano nayo ni haba. Upo mmoja tu, wa mume anayemdunisha mke. Mwanafunzi haonyeshwi kwamba kinachodunishwa kinaweza kuwa kazi ya mtu, wazo lake, hata maumivu yake. Haambiwi kwamba kitenzi hiki hakitaki kihusishi, ndiyo maana "belittle on me" naisahihisha kila muhula. Wala hakitenganishwi na "underestimate", ambalo ni kukosea makadirio tu. Mtu anaweza kukukadiria chini kwa nia njema, akashangaa na kufurahi akiona ulichofanya. Anayekudunisha amekwisha kukiona.

Kwa kusoma gazeti au hadithi, kamusi hii inatosha, na kwa matamshi naipendekeza bila wasiwasi. Ila kama unaandika barua ya malalamiko kazini, tafuta pia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanaojifunza lugha, na uanze na sentensi za mifano kabla ya maana. Toleo lijalo wakiongeza "kudunisha" na mifano mitatu minne ya maana, nyota ya nne naitoa siku hiyohiyo.