Kulipia tamthilia za Kikorea: njia tano, ipi ianze na ipi iwe ya mwisho

Kabla ya kutoa hela, hesabu saa. Tamthilia ya Kikorea ya kawaida ina sehemu 16, kila moja ya dakika 60 hadi 70, yaani kama saa 18 tangu mwanzo hadi mwisho. Nyingi huishia hapo hapo, hakuna sizoni ya pili ya kusubiri. Za kihistoria ndizo zinazokula muda na bando. Jumong, iliyoanza kurushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini mwaka 2006, ina sehemu 81. Ilipangwa kuwa na 60 ikarefushwa kwa sababu watazamaji walikuwa wengi, na kurefushwa huko kunaonekana katikati, mambo yanapopungua kasi. Dae Jang Geum ina 54, Empress Ki 51. Kwa upande mwingine Kingdom ina 6 tu kwa kila msimu, na Squid Game ya 2021 ilianza na 9. Njia inayofaa kwa Kingdom inaweza kuwa hasara tupu kwa Jumong.

Kuna mtego wa idadi. Kuanzia mwaka 2017 vituo vikubwa vya Korea Kusini vilianza kukata sehemu moja ya dakika 70 kuwa mbili za dakika 35, ili vipate nafasi ya tangazo katikati. Ndiyo maana While You Were Sleeping huandikwa kuwa na sehemu 32, wakati urefu wake ni ule ule wa tamthilia ya 16. Anayekuuzia kwa kuhesabu sehemu atakutoza mara mbili. Na ukikuta mafaili 16 ya tamthilia iliyotangazwa kuwa na 32, usiseme umeibiwa nusu kabla ya kuangalia dakika.

1. Netflix, kifurushi cha simu

Tunaiweka ya kwanza kwa anayetaka tamthilia za miaka ya karibuni. Kifurushi cha simu ndicho cha bei ya chini. Picha yake ni ya 480p, yaani ubora wa chini, na inaonekana kwenye simu au tableti moja tu. Hutaweza kuirusha kwenye runinga, na hilo ndilo lalamiko kubwa la wanaokinunua bila kusoma. Kwa kioo cha inchi 6, 480p inatosha kabisa.

Jinsi ya kununua bila kupoteza:

Tafuta kwanza jina la tamthilia unayoitaka pamoja na neno Netflix. Ukurasa ukisema haipatikani katika nchi yako, usilipe kwa ajili yake. Orodha hutofautiana nchi kwa nchi, na za kale hazipo kila mahali.

Subiri iishe kurushwa. Tamthilia nyingi hutoka sehemu mbili kwa wiki, kwa hiyo 16 huchukua wiki nane. Ukiingia wiki ya kwanza utalipa miezi miwili kwa kitu kinachotoshea mwezi mmoja. Zikiwa zimeisha zote, saa mbili na nusu kwa siku zinakumalizia tamthilia nne ndani ya siku 30.

Sitisha usajili siku ile ile unapojiunga. Utaendelea kutazama hadi mwezi uliolipia uishe, na hutakatwa tena bila kukusudia.

Kwenye mipangilio ya programu, chagua matumizi madogo ya data. Kwa kiwango hicho GB 1 hutoa takriban saa 6, hivyo tamthilia nzima ni kama GB 3. Ukiiacha ijichagulie yenyewe, GB 1 huisha kwa saa 4 hivi. Ukitumia kifurushi cha runinga kwa picha ya HD, saa moja inaweza kula hadi GB 3, na hapo bando la simu halifai hata kidogo. Pakua kwenye Wi-Fi, lakini kumbuka kwamba baadhi ya mafaili hujifunga saa 48 baada ya kubonyeza kucheza. Usiianze sehemu usiyoweza kuimaliza.

Malipo kwa kawaida huhitaji kadi. Kenya kuna kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, inayoitwa GlobalPay. Kwingineko uliza mtandao wako wa pesa kwa simu au benki. Weka salio kidogo zaidi ya bei, maana ubadilishaji wa fedha huongeza gharama na muamala hukataliwa kwa upungufu mdogo tu.

2. YouTube, chaneli rasmi

Bure, na kwa tamthilia za zamani ndiyo chaguo letu. KBS World huweka tamthilia nzima zenye maandishi ya Kiingereza. Kabla ya kuanza, fungua orodha na uhakikishe sehemu ya mwisho ipo. Epuka chaneli zenye picha iliyogeuzwa kushoto kulia, sauti iliyopandishwa kasi au fremu nene pembeni. Hizo ni mbinu za kukwepa kugunduliwa, na video hufutwa ukiwa sehemu ya tisa.

3. Viki

Hii ni huduma ya mtandaoni ya tamthilia za Asia, na ni ya mpenzi wa lugha. Maandishi yake mengi huandikwa na wapenzi wa tamthilia wanaojitolea, na kila lugha huonyeshwa asilimia iliyokamilika. Usianze sehemu ambayo haijafika 100. Angalia pia kama tamthilia unayoitaka imefunguliwa katika nchi yako, kwa sababu nyingi zimefungwa kwa mipaka ya haki.

Sababu ya kuipa nafasi ya tatu ni heshima. Kikorea hubeba heshima ndani ya kitenzi chenyewe. Wahusika wawili wakiacha lugha ya adabu na kuanza ya kirafiki, jambo kubwa limetokea kati yao hata kama hawajashikana mkono. Tafsiri ya Kiingereza mara nyingi hulifuta tukio hilo lote. Msichana anasema "oppa" (neno la mwanamke kumwita kaka au mwanamume aliyemzidi umri), maandishi yanaweka jina la mvulana. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunakosa kitu ambacho tungekielewa mara moja. Watafsiri wa Viki huelekea kuliacha neno kama lilivyo. Hata "kaka" yetu haitoshi, kwa maana oppa husemwa na mwanamke na hyung, lenye maana ile ile, husemwa na mwanamume, na mara nyingi ni hapo ndipo moyo wa tukio ulipo.

Fanya jaribio hili kwa huduma yoyote: cheza dakika kumi za sehemu ya kwanza, sikiliza oppa, noona (dada mkubwa, likisemwa na mwanamume), hyung au sunbae (aliyekutangulia shuleni au kazini), kisha soma maandishi yamesema nini. Kama kila mara ni jina tupu, tafsiri hiyo ni nyepesi.

4. King'amuzi

StarTimes na Azam TV zimewazoesha watazamaji tamthilia za nje zenye sauti za Kiswahili, hasa za Kichina na Kituruki. Kwa familia inayotazama pamoja na bibi asiyesoma Kiingereza, hakuna kinachoshinda. Ila hupangi wewe kitakachoonyeshwa. Soma ratiba ya mwezi kabla ya kulipia kifurushi kwa ajili ya Kikorea peke yake.

5. Flashi kutoka maktaba ya muvi

Ya mwisho, ingawa ndiyo iliyoenea. Nakala nyingi hazina kibali, na aliyetengeneza tamthilia hapati kitu. Isitoshe, kasoro zake ni nyingi na hazionekani hadi ufike nyumbani.

Picha kukataa huku sauti ikisikika: faili limebanwa kwa mfumo wa video uitwao H.265 na runinga yako ya zamani inajua ule wa awali, H.264, tu. Kuhamisha flashi bandari nyingine hakusaidii. Picha kucheza bila sauti: sauti ni ya DTS, aina ambayo runinga yako haisomi. Maandishi kutotokea: faili la maandishi (.srt) lazima liwe na jina lile lile la video na liwe kwenye folda hiyo hiyo. Maandishi kuanza sawa kisha kuchelewa zaidi na zaidi: yalitengenezwa kwa nakala ya kasi nyingine ya picha. Yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, programu ya kuchezea video ya VLC huyasogeza. Faili linalozidi GB 4 hukataa kuingia kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 hata kama nafasi ipo.

Zile zilizotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi mmoja zinafaa kwa vita na upanga. Kwa mapenzi au kesi mahakamani, msimulizi huruka mazungumzo ya taratibu, na kwa kuwa sauti yake imechanganywa na ya asili, huwezi kuizima.