Nilipeleka mchoro Nasser Road, nikarudishiwa bango

Mishale ilikuwa minane. Myembamba, myeusi, kila mmoja umetoka kwenye herufi yake ukaenda kugusa kifaa chake ndani ya pampu. Nilikaa nayo mezani karibu wiki nzima, nafuta, nachora, nafuta tena. Yule kijana wa Nasser Road aliiondoa yote kabla chai yake haijapoa, halafu akaegemea kiti akaniambia sasa picha "inapumua".

Mimi ni fundi wa maji. Mradi ninaoufanyia kazi ulitaka kijitabu cha Kiswahili kwa watunza pampu kule Kyangwali, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, kwa sababu wakimbizi wengi wa pale wametoka Kongo na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Maneno niliandika mwenyewe, michoro nikachora mwenyewe kwa penseli na rula. Kilichobaki ni mtu wa kuisafisha kwenye kompyuta, kuipanga na kuichapa. Kampala ukitaka kuchapa unaenda Nasser Road, hilo halihitaji mjadala. Jina la duka silitaji. Bei nayo silitaji, kila mtu na mdomo wake.

Nilivyoingia nikasalimia kwa Kiswahili. Kwetu Arua hiyo ni lugha ya nyumbani. Kijana akainua macho, akanipigia saluti: "Ndiyo, afande!" Duka zima likacheka. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini hapo mtaani ukikifungua kinywani bado unaonekana umetoka kambi ya jeshi, au umekuja kuiba. Nikacheka nao. Mtu ukishabeba michoro ya wiki nzima mkononi huanzi na ugomvi.

Kuhusu herufi, nieleze vizuri maana ndiko kidonda kilipo. Sikuzipanga kutoka juu kwenda chini. Nilizipanga kwa kufuata kazi: kinachofunguliwa kwanza ndicho A, kinachofuata B, mpaka mwisho. Sasa kwenye pampu ya U2, aina ya pampu ya mkono ya kisima, silinda ikishatolewa kisimani, vali ya chini inatoka kabla ya pistoni. Kwa hiyo vali ya chini ilikuwa G na pistoni ikawa H, ingawa ukiitazama pampu pistoni iko juu ya vali. Bila mishale mtu hawezi kujua hivyo. Kijana akaiondoa, akachukua herufi zangu nane akazisimamisha upande wa kulia kama askari kwenye gwaride, A juu, H chini. Zilipendeza, siwezi kusema uongo. Ila sasa G ilikuwa imesimama mbele ya pistoni, na H mbele ya vali.

Nikamwambia: rudisha mishale. Akasema inachafua. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya picha yenyewe, mtu asome "H" kwenye maneno kisha jicho liende moja kwa moja kwenye chuma chenyewe. Hapo ndipo akageuka kabisa, mbele ya wateja wengine, akasema polepole kama anamfundisha mtoto: "Nnyabo (yaani bibie, kwa Kiganda), wewe unajua mabomba, mimi najua picha. Bosi wako angekuja mwenyewe."

Bosi wangu! Mimi ndiye niliyekwenda na mafundi kwenye visima vya pampu hizo, mimi ndiye ninayejua pete ya mpira iliyochakaa inavyonuka. Nikaomba nikae pembeni yake turekebishe pamoja, nusu saa tu. Kiti hakuna, na mteja haruhusiwi kupita upande wa mashine. Akaahidi mishale itarudi. Niende nikale rolex, ile chapati ya mayai, nirudi jioni.

Nilirudi jioni. Giza linaingia, mvua inanukia, bodaboda ninayemwamini ananipigia simu kila baada ya dakika tano. Wakanipa nakala ya majaribio nisaini. Nikafungua jalada, nikafungua ukurasa wa pili, nikaona jina la mradi limeandikwa sawa, nikasaini.

Najua. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Mishale haikurudi. Na si hiyo tu. Pampu yangu, niliyoichora kwa mistari mitupu ili fundi aone kila kiungo, ilikuwa imepakwa mng'ao wa fedha, ina kivuli chini yake kana kwamba inaelea, na nyuma yake miale ya jua inachomoza. Ukipita mtaa ule utaelewa inatoka wapi. Wale ndio wanaochapa mabango ya marais, majenerali, simba na ndege za kivita, yale yanayotundikwa saluni na kwenye vibanda vya chapati. Kwa bango hawana mpinzani. Bango linatakiwa limpigie kelele mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mchoro wangu ulikuwa wa mtu aliyechuchumaa, mkono mmoja una grisi, anatafuta kitu kidogo kuliko kisoda. Huyo miale ya jua itamsaidia nini?

Halafu kompyuta yao haijui Kiswahili. Ilisahihisha neno "bomba" ikaweka "bomb", yaani bomu kwa Kiingereza, na kijana akakubali kote kwa mara moja. Kwa hiyo ukurasa wa nne unamwambia mtu aliyekimbia vita Ituri: "Funga bomb kwa spana mbili."

Duara la asilimia la ukurasa wa mwisho, la wafadhili, sitaki hata kuliongelea. Alilinenepesha akalilaza kama keki ya harusi, kipande cha mbele kikaonekana kikubwa kuliko cha nyuma ilhali vilikuwa sawasawa. Wafadhili hawakugundua. Tuendelee.

Kilichoniuma ni kisima kimoja. Pampu ilikuwa inatoa maji kidogo, unapampu mpaka bega linauma, jerikani haijai. Dalili za wosha za pistoni, zile pete za kuziba, zilizokwisha, kila fundi anajua. Watunza pampu wawili wapya, kijitabu mkononi, wakaanza kazi kama nilivyowaandikia. U2 si pampu ya mchezo: mabomba yake ni membamba kuliko pistoni, kwa hiyo pistoni haiwezi kupanda ndani yake, lazima utoe yote. Mabomba kumi na mawili, kila moja mita 3, yanavutwa moja baada ya jingine, yanafunguliwa, yanalazwa kwenye nyasi. Wakafika kwenye silinda. Kijitabu kinasema "badilisha wosha za H". Wakatazama picha. H iko mbele ya kile kifaa cha chini kabisa. Wakabadilisha mpira wa vali ya chini, ambao haukuwa na shida yoyote, wakafunga, wakarudisha mita 36 zote kisimani. Wakapampu. Maji yaleyale ya kudondoka. Akina mama walikuwa wamepanga foleni ya jerikani tangu asubuhi.

Kesho yake tuliyavuta upya. Nilikuwepo. Mmoja wa wale vijana hakunilaumu hata kidogo, alinionyesha tu ukurasa, kidole kwenye H, akasema: "Mama, tulifuata picha." Ningependa yule wa "mimi najua picha" angekuwa amesimama pale.

Nilimpigia simu dukani nikiwa bado na matope. Akanikumbusha sahihi yangu. Nikataka wachape upya, wakasema sahani za kuchapia zinalipiwa tena. Nikamwambia maneno ambayo marehemu bibi yangu asingependa kuyasikia. Usiku huo nilianza kuandika haya, na nilikuwa nimeandika: msiende, hawa ni wezi wa kazi za watu, nyota sifuri.

Lakini mambo ya ukurasa wa tisa nayo lazima niyaseme, na hayaniridhishi hata kidogo.

Ukurasa wa tisa haukuwa wangu. Kijana aliuongeza bila kuniuliza, nikaugombea siku ileile ya kwanza. Alimwambia mwenzake ashike spana kwenye nati, akapanda juu ya kiti, akapiga picha kwa simu kutokea juu, kisha akaifuatisha kwa mistari. Mikono miwili tu na spana mbili, moja imeshikilia, nyingine inazungusha, kubwa, ukurasa mzima. Nikamuuliza nani amekutuma. Akasema, "Si ndivyo atakavyoiona yeye mwenyewe akiinama?"

Kule Kyangwali, kijitabu chochote utakachokifungua, ukurasa wa tisa ndio mchafu kuliko zote. Una alama za vidole, una grisi, mmoja nilikuta umechanwa ukabandikwa ukutani kwenye stoo ya vipuri. Na mchoro wangu mkuu, ule wa pampu iliyokatwa katikati ili uone ndani, fahari yangu yote? Mama mmoja mtu mzima aliushika, akaugeuza, akaniuliza kwa upole: "Ni nani alipasula hii pompi?" Alidhani ni picha ya ajali. Sikuwa na jibu. Sisi tuliosoma ufundi tumefundishwa kwamba chuma kinaweza kukatwa kwenye karatasi na kikabaki kizima kisimani. Yeye nani alimfundisha? Mishale ingekuwepo isingemsaidia, maana hakujua kwanza anatazama kitu gani.

Na nikiendelea kukiri nitamaliza vyote. Michoro niliwatumia kwa WhatsApp kama picha za kawaida, na WhatsApp ikaibana mpaka mistari ikawa ukungu. Ningeituma kama faili, au ningepeleka karatasi zenyewe wakazipiga skana kwa nukta 300 kwa inchi, pengine kijana asingelazimika kuchora pampu upya na kuipamba kama bibi harusi. Rangi nazo zilikuwa wazo langu: hatua za U2 kijani, za U3 nyekundu, kwa sababu U3 bomba lake ni pana, pistoni unaitoa kwa kuvuta nondo tu na mabomba yanabaki. Kwenye kompyuta ilipendeza. Kambini vijitabu viliisha, watu wakatoa fotokopi, na kwenye fotokopi kijani na nyekundu ni kijivu kilekile. Hilo kosa halimhusu mtu wa Nasser Road. Ingetosha kuandika "U2" na "U3" kwa herufi nene kichwani mwa kila ukurasa.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa mapokezi, sifuri, na hapo sibadilishi. Yule "afande" wake na yule "bosi wako" bado vimenikaa kooni. Kwa uchapaji wenyewe, karatasi nzuri, haikuchanika, gundi imeshika mpaka leo, nyota nne. Kwa mishale, ningekuwa na nyota za kuwadai wao ningewadai. Kwa ukurasa wa tisa, tano. Tano kamili, na inaniuma kuandika.

Mkitaka bango la harusi, la kampeni, la mazishi, nendeni macho yamefumba. Mkiwa na mchoro wa kazi, nendeni pia, lakini msisaini kitu chochote jioni, na someni kila ukurasa hata bodaboda akiwaacha. Au msiende. Sijui. Mwezi uliopita nilitembelea maduka mengine matatu mtaa uleule, yote yalinionyesha kazi zenye miale ya jua, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtunza pampu ataiona nati akiwa amekaa upande gani.

Toleo la pili liko tayari. Mishale minane imerudi, "bomba" nimeliandika upya kila mahali, na mchoro wa pampu iliyokatwa nimeutanguliza na picha ya pampu nzima, ileile, ikiwa imesimama kisimani. Nimempigia simu kijana. Akasema kwa Kiswahili kibovu, "Karibu, fundi." Wiki ijayo naenda, na kigoda nitabeba changu.