Vyuma vya Noctua vya LGA1700: kipoza changu cha 2016 kwenye i7-12700

Nianze na hukumu: kama una kipoza cha Noctua (kifaa cha kupoozea prosesa ya kompyuta) na risiti yake ipo, usinunue kingine hata ukihamia prosesa ya soketi mpya. Omba vyuma vipya vya kukifungia. Mimi nilianza kwa njia ya mkato, ikanila hela.

Kipoza chenyewe ni NH-U12S. Kaka yangu alininunulia mtandaoni akiwa Dubai, mwaka 2016, nikakifunga juu ya prosesa ya Intel i5-6600 na tangu hapo sijawahi kukisikia kikilalamika. (Mke wangu ndiye analalamika. Nembo ya Noctua ni bundi, na boksi lilikaa juu ya kabati miaka yote hiyo likitukodolea macho. "Ndege wa mkosi wa nini humu ndani?") Nilipohamia i7-12700 kwa ajili ya kuhariri video za harusi, sikuona sababu ya kutupa hitisinki nzima (lile bonge la mapezi ya chuma linalotawanya joto) eti kwa kuwa prosesa imerefuka.

Na kweli imerefuka. Ile ya zamani, ya soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA1151, ilikuwa mraba, 37.5 kwa 37.5 mm. Hii mpya, ya LGA1700, ni 37.5 kwa 45. Matundu manne ya kufungia kipoza kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) nayo yamesogea, kutoka nafasi ya 75 mm hadi 78.

Fundi mmoja Kariakoo akaniambia, "Bosi, milimita tatu si kitu hizi." Akachukua tupa, akayapanua matundu ya vyuma vya zamani, akafunga, nikatoa 15,000. Skrubu zote nne ziliingia vizuri tu. Nikarudi Sinza nimechangamka, nikaweka harusi ya saa mbili irende, yaani kompyuta iitengeneze video kamili. Dakika haijaisha: nyuzi 100, feni inapiga mluzi, kasi ya prosesa imeporomoka, na mteja anataka kazi yake Jumatatu.

Nilipokivua kipoza ndipo nikaelewa. Upande mmoja pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) ilikuwa imekandamizwa mpaka ng'aro ya chuma inaonekana. Upande wa pili imebaki tuta, laini vilevile kama fundi alivyoikamua, haijaguswa na kitu. Kumbe shida si matundu peke yake. Prosesa hizi zikikaa kwenye soketi zinakuwa chini kuliko za zamani, tofauti isiyofika milimita moja, lakini vyuma vya zamani vilipimwa kwa kimo kile. Ukivilazimisha, unapata kipoza kilichoning'inia badala ya kilichokandamiza. Kuna madabodi za Asus zilizotobolewa matundu ya aina zote mbili. Hata hizo matundu yatakukubalia, mgandamizo ndio utakaokosa.

Noctua wanatoa vyuma vya LGA1700 bure ukithibitisha umiliki. Ankara ya 2016 ilikuwa bado kwenye barua pepe ya kaka, nikaiambatanisha na uthibitisho wa madabodi mpya, nikaandika anwani yake ya Dubai. Seti ya kipoza changu inaitwa NM-i17xx-MP83. Angalia sana hiyo namba ya mwisho, maana kuna MP78 pia, na havibadilishani. Kaka alikuja navyo likizo: bamba la nyuma, vyuma viwili vya pembeni, skrubu na vibomba vya plastiki.

Kufunga kulinichukua kama dakika arobaini, na kumi kati ya hizo nilikuwa nagombana na bamba la nyuma. Ukisimamisha madabodi kabla hujakaza, linadondoka. Nililishikilia kwa kanda ya karatasi. Feni lazima uitoe kwanza, la sivyo bisibisi haifiki kwenye skrubu za hitisinki. Hizo kaza kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, mpaka zigome zenyewe. Zina kikomo chake, usitie ubabe.

Harusi ileile, chumba kilekile kisicho na kiyoyozi: nyuzi 84 hadi 87, na kasi haishuki. Si baridi, sitadanganya. Prosesa hii inaruhusiwa kuvuta hadi wati 180 na feni yangu ni moja ya sentimita 12. Niliposhusha kikomo hadi wati 150 kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi yenyewe), nikabaki kwenye 77, na muda wa kurenda haukuongezeka kiasi cha kunisumbua.

Kama kipoza chako umekiokota mtumba bila karatasi yoyote, piga hesabu upya. Vyuma vinauzwa pia, ila siku hizi vipo vipoza vipya vya bei nafuu vinavyokuja na vyuma vya LGA1700 ndani ya boksi, na ukijumlisha usafiri huenda kipya kikakutoka sawasawa.

Vyuma vyangu sivitupi hata nikibadilisha mashine tena, kwa sababu soketi ya Intel iliyofuata, LGA1851, imebakiza matundu yaleyale. Vile vya zamani vilivyopigwa tupa nimeviacha kwenye droo ya meza. Fundi akipita nitamwonyesha.