Treni ya mvuke ya Darjeeling: uzoefu wangu mimi binti wa mwanareli wa Tororo

Nimezaliwa Tororo, mashariki mwa Uganda, kwenye kota za reli. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa faiamani, yaani mchochea moto wa injini, enzi za East African Railways. Naanza na hilo ili msomaji ajue napima kwa kipimo gani. Tulilala tukisikia Garratt, zile injini kubwa za mvuke, zikipumua ng'ambo ya ukuta, na baba akiwa mezani aliweza kuinua kichwa na kututajia ni nani anayeshika mvuke usiku huo, kwa kusikiliza tu. Kwa hiyo nilipopanda treni ya Darjeeling, kule milimani kaskazini ya India, macho yalikuwa dirishani lakini masikio yalikuwa kwenye injini.

Nilifikaje huko? Nilikuwa nimemsindikiza mdogo wangu Kolkata kwa matibabu. Alipopata nafuu, daktari alimtaka apumzike siku kumi kabla ya kumwona tena. Binti yake alikuwa naye, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisukuma: "Dada, nenda ukaone reli yako, mimi nalala tu hapa." Nikapanda treni ya Darjeeling Mail usiku pale stesheni ya Sealdah, na asubuhi nikashuka New Jalpaiguri, tambarare kabisa, joto kama la Pakwach. Kutoka pale nilichukua jipu la abiria hadi juu, zaidi ya saa tatu za kona. Nilipofika nilikuwa natafuta sweta.

Kwa mnaotoka Uganda: kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau, India wanaidai.

Kuhusu tiketi nina uchungu kidogo. Sikuulizia kwanza stesheni. Nilimfuata wakala mmoja mjini aliyeniambia kwamba nafasi zimekwisha na yeye amebakiwa na moja, nikamlipa karibu mara mbili. Nauli halali ya safari fupi ya mvuke, Darjeeling hadi Ghum na kurudi, ilikuwa rupia elfu moja na mamia kadhaa. Ya injini ya dizeli ni nafuu zaidi. Nunueni mapema kwenye tovuti ya shirika la reli la India au kaunta ya stesheni, na pasipoti iwe mkononi. Nauli si ndogo kwa safari ya saa mbili. Mimi ningeilipa tena.

Sasa reli yenyewe. Upana kati ya chuma na chuma ni milimita 610. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini, kwa hiyo naweza kusema ni rula mbili za darasani zilizounganishwa, na sentimita moja juu yake. Reli yetu ya Uganda ni ya mita moja, na hata hiyo wageni huiita nyembamba. Kwetu kitu cha ukubwa ule tungekiita kiberenge. Lakini kiberenge hiki kilianza kujengwa mwaka 1879, kikafika Darjeeling mwaka 1881, kikipanda kilomita zipatazo 88 kutoka tambarare. Wakati huo Mombasa haikuwa na hata taruma moja la reli. Yetu ilianza mwaka 1896. Mwaka 1999 UNESCO waliitia reli hii kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nilifika stesheni saa nzima kabla ya wakati, na hilo nawashauri wote. Abiria wengi huja dakika kumi kabla, wanapiga picha, wanakaa. Wanakosa sehemu iliyo bora. Injini huwa tayari inapashwa moto, na unaweza kusimama karibu ukaona kila kitu kikifanywa kwa mkono. Ni injini ndogo ya bluu, magurudumu manne tu. Tangi la maji limepanda juu ya boila kama matandiko juu ya mgongo wa punda, na makaa ya mawe yamewekwa juu, mbele ya chumba cha dereva. Aina hii ya injini ilianza kutengenezwa mwaka 1889 na kampuni ya Sharp, Stewart ya Glasgow, Uskoti. Juu ya lile sanduku la makaa anakaa mtu na nyundo. Kazi yake ni kuvunja mabonge makubwa na kumpitishia faiamani yaliyo saizi ya ngumi.

Hilo sikuwahi kuliona utotoni. Injini za baba zilichoma mafuta mazito. Yeye alifungua na kufunga vali, akachungulia rangi ya moshi. Makaa ya mawe yana harufu nyingine kabisa, kali, inakaa kooni. Nilisimama pale nikiwatazama wale vijana na nyuso zao zenye masizi hadi mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama nimepotea. Nikamwonyesha picha kwenye simu: baba amesimama kwenye ngazi ya injini Tororo, kofia mkononi. Akawaita wenzake wote. Wakaipitisha simu mkono kwa mkono, wakiikuza ile picha, wakijadiliana kuhusu magurudumu, si kuhusu baba! Kisha yule faiamani akaniita "didi", dada mkubwa kwa lugha yao, akanionyesha mlango wa tanuri ukiwa wazi.

Na lugha nayo ilinikamata. Mama mmoja aliyeuza chai alimwambia mtoto wake maneno, na katikati nikasikia wazi kabisa "relgari". Reli, gari! Neno letu gari lilivuka bahari kutoka kwao, na chai pia. Waganda treni wanaiita eggaali y'omukka, sisi tunasema gari la moshi, na huku juu ya milima ya Himalaya mama anasema relgari, na mimi sihitaji mkalimani.

Tukaondoka. Filimbi ya injini ile haina adabu, inapasua masikio, na inapigwa karibu bila kukoma kwa sababu reli inapita barabarani. Namaanisha barabarani hasa: inakata lami upande huu, inakwenda ubavuni mwa maduka, inakata tena. Ukinyoosha mkono dirishani unagusa machungwa ya mwenye duka, na msinyooshe. Mtu alikuwa ananyolewa ndevu kinyozini, tukapita hatua moja kutoka kiti chake, hata hakufumbua macho. Mwendo ni wa mtu anayekimbia bila haraka. Watoto wanadandia ngazi, wanashuka mbele ya nyumba yao. Ndani ni finyu, magoti yanagusana na ya mwenzako, na kwa reli ya upana ule isingewezekana vinginevyo.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na chuma kilikuwa kimelowa. Nilikuwa nimekaa behewa la mbele, la kwanza baada ya injini, nikaanza kusikia kitu ambacho sikukisikia tangu nina miaka kumi. Mapigo ya moshi yakienda sawasawa, moja, mbili, tatu, nne, halafu ghafla yanakatika na kuwa chakachakachaka: magurudumu yanateleza, yanazunguka mahali pamoja. Kwenye Garratt mchanga hushushwa kwa bomba mbele ya magurudumu. Hapa wanakaa watu. Mtu amekaa kwenye bamba la mbele kabisa la injini, miguu inaning'inia, anachota mchanga na kuumwaga juu ya reli kwa kiganja, kidogo kidogo, kama mpishi anayetia chumvi. Magurudumu yakaung'ata, mapigo yakarudi, moja, mbili, tatu, nne. Reli hii haina meno ya kushika mlima kama ile ya Nilgiri kusini mwa India. Inapanda kwa uzito wa injini na ule mchanga, basi. Mlima ni wa mita moja juu kwa kila mita ishirini na kitu mbele, na kwa treni huo ni ukuta. Hii ndiyo huduma unayoinunua. Mandhari ya milima utaipata hata kwenye jipu kwa pesa kidogo, lakini kiganja kile hukipati kwingine.

Batasia tulisimama dakika kumi. Hapo reli inajizungusha duara zima na kupita juu ya yenyewe, wakaijenga hivyo ili kupunguza ukali wa mteremko, ikafunguliwa mwaka 1919. Katikati ya duara ni bustani yenye mnara wa kumbukumbu ya askari wa Kigurkha. Watu wote wanateremka kutazama Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, mita 8,586. Mimi nimekua nikiuona Elgon kutoka Tororo, na kilele chake, Wagagai, ni mita 4,321. Nilitaka kuona kitu cha karibu mara mbili yake. Ukungu ulikataa. Dakika ya nane hivi ukafunguka upande mmoja, juu sana, mahali ambapo nilidhani ni mawingu tu, kukawa na theluji ya rangi ya waridi. Nilikuwa nimetazama chini mno. Kisha ukafunga. Wanaotaka kuuona vizuri waende Oktoba au Novemba. Juni hadi Septemba ni mvua, na maporomoko ya udongo huikata reli mara kwa mara.

Ghum ni stesheni ya juu kuliko zote India, mita 2,258. Walipotutangazia hivyo nilijisikia fahari isiyonihusu, maana reli yetu ya kutoka Mombasa kuja Kampala inapita Timboroa, Kenya, zaidi ya mita 2,700, na baba aliwahi kutusimulia baridi ya pale. Kuna makumbusho madogo, kiingilio kimo ndani ya tiketi, na nje kuna injini ndogo mno iitwayo Baby Sivok. Itazameni kwa dakika tano, kisha rudini kwa injini hai, ndiyo inayostahili muda wenu.

Nikiwa Ghum na kikombe cha chai nilimkumbuka Kalasinga mmoja aliyekuwa dereva wa baba. Wahindi zaidi ya 31,000 waliletwa kujenga reli ya Uganda, karibu 2,500 walikufa kazini, na vizazi vilivyofuata ndivyo vilivyotufundishia baba zetu boila na breki. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza, yule mzee alikuja kota jioni, akamwachia baba sanduku lake la spana. Mama alilitunza hadi alipofariki. Wale vijana wa Ghum hawakuwa Wapunjabi, ni watu wa milimani wanaosema Kinepali, lakini namna ya kufuta mikono kwa nyuzi za pamba kabla ya kumpa mtu mkono ilikuwa ileile.

Siku mbili baadaye nilishuka kwa treni ya dizeli njia nzima hadi New Jalpaiguri, saa saba na ushee. Inachosha, na sisemi kila mtu aifanye. Niliifanya kwa sababu ya zigizagi, ambazo safari fupi haizifikii. Mahali ambapo mlima ulikataa kupindwa, waliweka reli kama herufi Z: treni inakwenda mbele hadi mwisho wa mstari, inarudi kinyumenyume kwenye mstari mwingine, inakwenda mbele tena, na imeshapanda au kushuka ghorofa kadhaa. Ziko sita. Kuna pia kona karibu na Tindharia waliyoiita Agony Point, kali kuliko zote. Pale mwenye behewa la nyuma anamwona dereva uso kwa uso.

Vaeni nguo nyeusi. Blauzi yangu nyeupe haikutakata tena. Chembe za makaa huingia machoni, hivyo miwani hata ya jua inasaidia, na leso ya kufunika kichwa na pua inafaa pia. Wenye pumu wapande ya dizeli. Omba behewa la mbele ukitaka kusikia, la nyuma ukitaka kuona injini kwenye kona. Asiye na safari ya India aanzie makumbusho ya reli pale Jinja, na akifika Nairobi akaone Garratt kubwa zenye majina ya milima, Mount Gelai na Mount Shengena. Zimepoa, lakini akiweka mkono kwenye chuma chake ataelewa ukubwa wa kazi ya baba zetu.

Nyota nazitoa tano. Nne na nusu zingetosha kwa sababu ya ufupi wa safari, ila ile nusu naiacha kwa mtu wa mchanga.

Mdogo wangu anarudi Kolkata kwa ukaguzi mwakani, na safari hii amesema hatabaki hospitali. Tutapanda ile ya asubuhi, behewa la mbele. Yule faiamani aliniomba ile picha ya baba, nikamwahidi nitamletea ya karatasi. Nimeshaitoa kwa mpiga picha mmoja mjini Tororo, saizi kubwa, magurudumu yaonekane.